Msimamizi wa mirathi amegeuka mwenye mali: pa kuanzia ukiwa Moshi au Arusha

Matanga yakishaanuliwa, ukoo hukaa kikao, jina linatajwa, muhtasari unasainiwa. Mara nyingi jina hilo ni la kaka mkubwa au baba mdogo. Anakwenda mahakamani, tangazo linabandikwa, siku zinapita bila pingamizi, anapewa hati ya usimamizi. Miaka miwili baadaye vyumba vya Pasua bado vina wapangaji, kodi inalipwa kila mwezi, na hakuna mrithi aliyeona hata shilingi. Ukimuuliza anakujibu, "Mimi ndiye msimamizi." Anaamini kabisa kwamba hapo amekujibu.

Hati ile imempa kazi tu, na kazi yenyewe ina mwisho. Akusanye mali ya marehemu na madai yake, alipe madeni na gharama za mirathi, agawe kinachobaki kwa warithi, kisha arudi mahakamani aeleze alichofanya. Mali anaishika kwa niaba ya wenzake. Iwe aliteuliwa na mahakama baada ya kikao cha ukoo, iwe marehemu mwenyewe alimtaja kwenye wosia, wajibu huo ni uleule.

Hapa nitakaa zaidi kwenye Mahakama ya Mwanzo, maana ndiko mirathi nyingi za watu wa kawaida zinakopita, zile zinazofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama mirathi yenu ilifunguliwa Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, mwendo ni huohuo kwa sehemu kubwa. Panapotofautiana nitasema.

Kabla ya yote: je, amekosa kweli?

Warithi wengi hufika kwa wasaidizi wa kisheria wakiwa na lalamiko moja: "Ameuza kiwanja bila kutushirikisha." Inauma, lakini peke yake haitoshi. Msimamizi ana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu kwa shughuli za mirathi, na Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba halazimiki kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza. Kwa hiyo usisimame mbele ya hakimu na hoja hiyo tupu. Uliza maswali yanayomkaba: aliuza kwa bei gani, bei hiyo inalingana na soko la pale, kulikuwa na haja gani ya kuuza, na fedha zimekwenda wapi? Kiwanja cha Njiro kikiuzwa kwa nusu ya bei kwa shemeji yake msimamizi, hapo una kesi. Kikiuzwa kwa bei ya haki, deni la benki likalipwa na kilichobaki kikagawanywa, huna kesi hata kama hukupigiwa simu.

Kuchelewa nako kuna kunakosameheka. Kama kuna mali yenye mgogoro mahakamani, au mafao ya marehemu bado yanashughulikiwa na mfuko wa hifadhi ya jamii, hakimu anaweza kumwongezea muda, mradi aliuomba.

Makosa yenyewe hasa ni haya: kuficha baadhi ya mali au baadhi ya warithi (watoto wa nje ya ndoa na mabinti walioolewa ndio hufichwa zaidi), kula kodi, kuhamishia mali kwenye jina lake binafsi, kughushi saini kwenye muhtasari wa ukoo, kuacha mali ya marehemu iharibike, kuuza kwa hila, kumfukuza mjane, na kukaa kimya bila kupeleka orodha wala hesabu mahakamani. Hilo la mwisho watu hulidharau, kumbe ndilo rahisi kuliko yote kulithibitisha. Shahidi wake ni jalada lenyewe.

Hatua ya kwanza: lipate jalada

Kila mirathi iliyofunguliwa mahakamani ina namba: Shauri la Mirathi namba fulani la mwaka fulani, mahakama fulani. Bila namba hiyo utazungushwa. Kama msimamizi hakupi nakala ya hati yake, ziko sehemu nyingine za kuipata: benki aliyokwenda kufunga akaunti ya marehemu, ofisi ya ardhi alikopeleka maombi ya uhamisho, mfuko wa mafao, au mmoja wa waliosaini kikao. Ukikosa kabisa, nenda mahakama ya mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu na uombe karani apekue daftari la mirathi kwa jina lake. Nenda mapema asubuhi, kabla kesi hazijaanza kuitwa, na uwe na kitambulisho pamoja na cheti cha kifo au namba yake.

Andika barua fupi kwa Hakimu Mfawidhi ukiomba kusoma jalada na kupewa nakala zilizothibitishwa. Ujitambulishe kuwa mrithi, useme ni mtoto, mjane au nani wa marehemu. Nakala zina ada, dai stakabadhi.

Ukilipata, usikimbilie ukurasa wa mwisho. Angalia haya kwa utulivu:

Ombi lenyewe, ile fomu aliyojaza kuomba usimamizi. Amewataja warithi wangapi? Jina lako lipo? Kama wewe ni mtoto wa marehemu na hukutajwa, amepata hati kwa kuficha jambo kubwa, na hiyo pekee ni sababu ya kutengua uteuzi.

Muhtasari wa kikao cha ukoo. Tazama tarehe na saini. Nimewahi kuona muhtasari wenye saini ya mtu ambaye siku hiyo alikuwa amelazwa hospitali, na wote kijijini wanajua. Kama saini yako ipo na hukuwahi kusaini, usipige kelele pale kwenye meza ya karani. Chukua nakala iliyothibitishwa, uondoke nayo.

Fomu ya dhamana. Watu huiruka karatasi hii. Msimamizi huahidi mbele ya mahakama kwamba atasimamia kwa uaminifu, na wadhamini wake huweka majina yao kwamba akiharibu watawajibika. Nakili majina ya wadhamini. Mara nyingi wenyewe wameshasahau walichosaini, na wakikumbushwa, hao ndio huwa wa kwanza kumwambia ndugu yao alete hesabu.

Mwisho, Fomu Namba V na Fomu Namba VI. Ya tano ni orodha ya mali na madeni ya marehemu. Ya sita ni hesabu: nini kimepokelewa, nini kimelipwa, nini kimeuzwa au kuhamishwa, nani kapewa nini. Je, zipo? Zimepokelewa tarehe ngapi?

Hatua ya pili: hesabu miezi

Kanuni za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la mwaka 1971, zinampa msimamizi miezi 4 tangu ateuliwe kupeleka Fomu V iliyo kamili na ya kweli, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Baada ya hapo anapeleka Fomu VI kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga.

Kwa mirathi iliyo Mahakama ya Wilaya, Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, inayotumika ni Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Kifungu cha 107 kinampa miezi 6 kwa orodha ya mali na mwaka 1 kwa hesabu, navyo vinaweza kuongezwa na mahakama. Akitakiwa na mahakama kupeleka akakaidi kwa makusudi, ni kosa la jinai. Akipeleka ya uongo kwa makusudi, vilevile.

Chukua karatasi, andika tarehe ya uteuzi juu, na chini yake tarehe ambazo fomu zilipaswa kuwa zimefika. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya kesi yako.

Hatua ya tatu: ushahidi wa fedha, si wa tabia

Hakimu hakai pale kusikia kwamba kaka yako alikuwa mchoyo tangu utoto. Mpe namba.

Tuseme marehemu baba ameacha kihamba (shamba la ukoo la nyumbani) Uru, vyumba sita vya kupangisha Pasua, na kiwanja kisichopimwa Usa River. Kila chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Vyumba sita ni 240,000 kwa mwezi, yaani 2,880,000 kwa mwaka. Kama baba alifariki miaka mitatu iliyopita na vyumba havijakaa vitupu, kodi iliyopita mkononi mwa msimamizi ni kama 8,640,000. Toa ukarabati wa bati, toa maji ya chooni na mlinzi, bado kuna mamilioni yanayotakiwa kuonekana kwenye Fomu VI. Ukifika na mchanganuo wa namna hii kwenye karatasi moja, mzigo wa kueleza unahamia kwake.

Wapangaji ndio mashahidi wazuri, lakini wana hofu ya kufukuzwa. Usiwaombe wamsaliti mwenye nyumba wao. Omba tu nakala za mikataba yao, au ujumbe wa simu unaoonyesha walilipa lini, kiasi gani na kwa namba ya nani. Siku hizi karibu kila kodi inapita kwenye simu, na ujumbe ule una tarehe na jina.

Kwa ardhi isiyo na hati, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa na mtendaji. Mauziano mengi ya huku hupita kwao kwa ushahidi, na nakala hubaki kwenye faili. Kwa ardhi yenye hati, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa: unalipa ada, unapewa taarifa rasmi ya nani anaonekana mmiliki leo. Msimamizi halali husajiliwa kama msimamizi wa mirathi ya marehemu, na maneno hayo huandikwa. Ukikuta jina lake tupu kama mmiliki, na ugawaji haujafanyika, umeshapata ulichokuwa unakitafuta.

Mjane akusanye na vya kwake. Mali yake mwenyewe, na sehemu aliyochangia kwenye mali ya ndoa, haipaswi kumezwa kwenye orodha ya mali ya marehemu. Stakabadhi za matofali, za ada ya kiwanja, mkopo wa kikundi cha akina mama, hata daftari la mauzo ya ndizi, vyote vitunzwe.

Hatua ya nne: mwandikie kwanza

Huhitaji kupita hapa kisheria, lakini nakushauri upite. Sababu ya kwanza ni ya undugu. Ya pili ni ya kesi: hakimu atakuuliza kama ulimwuliza msimamizi akakataa, na barua hujibu vizuri kuliko mdomo. Iandike kwa heshima, kama hivi:

"Shikamoo baba mdogo. Natumaini mnaendelea vizuri hapo nyumbani. Baba mdogo, tangu ulipoteuliwa kusimamia mirathi ya marehemu baba, sisi warithi hatujapata orodha ya mali wala hesabu ya kodi za Pasua. Tunakuomba utupatie nakala ya Fomu V na Fomu VI ulizopeleka mahakamani, au kama bado, utueleze utapeleka lini. Tunaomba majibu ndani ya siku 14. Ni sisi wanao," kisha majina, saini na tarehe.

Mpelekee mbele ya shahidi, au kupitia mwenyekiti wa mtaa, na asaini nakala yako kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, shahidi aandike hivyo. Picha ya barua kwenye WhatsApp yenye alama mbili za bluu nayo si haba.

Kikao cha ukoo kinaweza kuitwa, na kwa Wachagga Desemba huwa ndio msimu wake, wakati walio Dar na Mwanza wamepanda nyumbani. Kiiteni. Lakini mjue mpaka wake: ukoo hauwezi kumvua mtu usimamizi. Aliyempa ni mahakama, na anayeweza kumnyang'anya ni mahakama. Muhtasari wa kikao utawafaa baadaye kumpendekeza mwingine. Vikao vya ndugu vinavyoahirishwa kutoka Desemba hadi Pasaka, kutoka Pasaka hadi Desemba, vimewapa wasimamizi wengi nafasi ya kumalizia kuuza.

Hatua ya tano: ziba mianya

Ukiona dalili kwamba anauza, usisubiri siku 14 ziishe.

Ardhi yenye hati: nenda kwa Msajili wa Hati, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, uombe kuweka zuio chini ya kifungu cha 78 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Mtu yeyote mwenye maslahi kwenye ardhi hiyo anaweza kuomba, na mrithi ana maslahi. Mwenye hati akipinga, unaweza kuitwa mahakamani ueleze kwa nini zuio lisiondolewe, kwa hiyo usiliweke kwa kukomoa.

Kihamba au kiwanja kisicho na hati: barua kwa serikali ya kijiji au mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, ukieleza kuwa mali hiyo iko kwenye mirathi namba fulani na ina mgogoro, hivyo wasishuhudie mauziano. Hii haina nguvu ya amri ya mahakama, ila mwenyekiti mwenye akili hataweka mhuri wake baada ya kuipokea. Na mnunuzi akija baadaye kudai hakujua, barua hiyo itamuuliza alikwenda kuulizia wapi.

Nasisitiza hapa kwa sababu mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, kutoka kwa msimamizi aliyekuwa na hati halali siku ile, mara nyingi hulindwa. Utamshinda msimamizi, nyumba ikabaki kwa mtu wa nje, wewe ukabaki unadai fedha kwa ndugu asiye nazo.

Wakati wa kufungua maombi mahakamani, omba pia amri ya muda: msimamizi asiuze, asihamishe, asipokee kodi hadi uamuzi.

Hatua ya sita: rudi mahakama iliyompa hati

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Anakwenda polisi, polisi wanamwambia hilo ni la madai. Anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, anaendesha kesi mwaka mzima, mwisho anaambiwa hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa anayeweza kudai au kudaiwa mali ya marehemu ni msimamizi. Mahakama ya Rufani imeweka wazi kwamba mgogoro juu ya mali ya marehemu kati ya warithi na msimamizi ni wa mahakama ya mirathi. Rudi palepale palipotoka hati, kwa namba ileile ya shauri.

Una maombi mawili, na unaweza kuyaweka pamoja.

La kwanza ni la upole: msimamizi aitwe, alete Fomu V na VI. Mara nyingi wito huu peke yake unafanya kazi ambayo vikao vitano vya ukoo vilishindwa.

La pili ni kutengua uteuzi. Kanuni ya 9 ya kanuni zile za mwaka 1971 inamruhusu mdai (anayemdai marehemu), mrithi au mnufaika kuomba, kwa sababu kama hizi: hati ilipatikana kwa udanganyifu, ilitolewa bila kujua mambo ambayo yangeifanya iwe batili, utaratibu wa kuipata ulikuwa na kasoro kubwa, hati imepoteza maana, mathalani msimamizi amefariki au hajiwezi tena, au msimamizi ametenda kinyume cha masharti ya hati, ama kwa makusudi au kwa uzembe ameumiza maslahi ya wadai, warithi au wanufaika. Mahakama inaweza pia kumsimamisha tu, au kumwondoa na kuweka mwingine. Kwa mahakama za juu, kifungu ni cha 49 cha Sura ya 352, na maombi huambatana na kiapo.

Katika Mahakama ya Mwanzo barua ya maombi iliyoandikwa vizuri inatosha kuanzia. Juu weka jina la mahakama, namba ya shauri, na "Mirathi ya marehemu" fulani. Kichwa: "Ombi la kutengua uteuzi wa msimamizi wa mirathi." Kisha aya fupi zenye namba. Wewe ni nani kwa marehemu. Msimamizi aliteuliwa lini. Fomu V ilipaswa kufika tarehe ngapi na haijafika. Kodi ya vyumba vya Pasua ni kiasi gani na haijaonekana. Kiwanja cha Usa River kimeuzwa tarehe fulani kwa bei fulani, nakala ya mauziano imeambatishwa. Ulimwandikia tarehe fulani, hakujibu. Mwisho unachoomba: amri ya muda, hesabu zote, uteuzi utenguliwe, arudishe hati ya usimamizi aliyonayo, fulani ateuliwe badala yake. Usiandike "ni mwizi". Andika alichofanya.

Siku ya shauri lugha ni Kiswahili, na si lazima uwe na wakili. Fika na warithi wenzako wanaokubaliana nawe, maana ombi la mrithi mmoja dhidi ya wanane walionyamaza huonekana ni chuki binafsi. Kama kuna watoto wadogo, mama au mlezi wao asimame kwa ajili yao.

Akileta hesabu siku hiyo, usifurahie ukatulia. Omba nakala na muda wa kuisoma. Angalia gharama zilizovimbishwa: "chakula cha kikao 900,000", "nauli za kufuatilia 1,500,000", bila stakabadhi hata moja. Wasilisha pingamizi lako kwa maandishi, kipengele kwa kipengele. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kuamua maswali kuhusu mali ipi ilikuwa ya marehemu, madeni yapi yalipwe, gharama zipi ni halali, na mauzo au mgawanyo ufanyike vipi.

Akishafunga jalada

Wasimamizi wajanja wanalijua hili kuliko warithi. Msimamizi akishapeleka orodha na hesabu, mahakama ikazipokea na kufunga shauri, usimamizi wake umekwisha, na Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba hapo hakuna tena uteuzi wa kutengua. Ndiyo maana nilisema uanze na jalada na tarehe.

Ukikuta limefungwa bila ninyi kuitwa, zipo njia, ila ni nyembamba. Moja ni kuomba marejeo Mahakama ya Wilaya, yaani ipitie upya jinsi shauri lilivyoendeshwa, maana ina mamlaka juu ya mwenendo wa mahakama za mwanzo, lakini si baada ya miezi 12 tangu shauri limalizike. Hapo sasa tafuta mwanasheria, usijaribu peke yako.

Fedha zilizoliwa

Kumwondoa ni jambo moja, kulipwa ni lingine. Msimamizi aliyetumia vibaya mali ya marehemu, au aliyeisababishia hasara, anawajibika kuifidia yeye mwenyewe. Hata kuzembea kudai deni ambalo marehemu alikuwa anadai, hadi likapotea, kunamgusa. Kama naye ni mrithi, njia ya vitendo zaidi ni kuomba hasara ikatwe kwenye fungu lake: ana haki ya chumba kimoja Pasua, lakini ameshakula kodi ya thamani ya chumba hicho. Mahakimu huielewa hoja hii haraka, na ukoo nao. Wadhamini waliotajwa kwenye fomu ya dhamana waitwe pia.

Jinai ifuate pale panapostahili: saini ya kughushi, nyaraka za uongo, fedha za mirathi zilizoingia mfukoni. Ukiwa na nakala zilizothibitishwa na mahakama, polisi watakusikiliza tofauti na ulivyosikilizwa mwanzo. Fungua taarifa, chukua namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Ila usiitumie kama fimbo ya kumtishia mtu akupe fungu lako, utajikuta wewe ndiye unayejieleza.

Ukishindwa, na msaada

Usiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, rufaa ni Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na kutoka hapo Mahakama Kuu, siku 30 nyingine. Moshi na Arusha kila mmoja una Mahakama Kuu yake, huna haja ya kusafiri. Omba nakala ya uamuzi siku hiyohiyo unaposomwa.

Kwa asiye na uwezo, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo kwenye kata nyingi; anza kwa afisa maendeleo ya jamii. Moshi kuna shirika la KWIECO, ambao wamefanya kazi hii na wajane na mabinti kwa miaka mingi. Kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria ikipita wilayani kwenu, peleka jalada lako pale, hawatozi. Jihadhari na "wanasheria" wa nje ya geti la mahakama wanaokuandikia barua kwa elfu ishirini na kukosea namba ya shauri.

Msimamizi mpya

Msiende mahakamani kumwondoa mtu bila kujua nani anaingia. Pendekezeni mmoja, au wawili kwa pamoja ili mmoja amwone mwenzake. Kama hakuna ndugu anayekubalika na pande zote, mahakama inaweza kumteua ofisa wa mahakama au mtu wa nje mwenye heshima asiye na upande. Ipo pia RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambako Kabidhi Wasii Mkuu anaweza kubeba usimamizi; ina gharama zake, lakini kwa mali kubwa na ukoo uliogawanyika mara mbili, naona ni bora hivyo.

Akishateuliwa, wiki hiyohiyo apeleke nakala ya uamuzi benki, ofisi ya ardhi, serikali ya mtaa, na kwa kila mpangaji, na wapangaji wapewe kwa maandishi namba mpya ya kulipia. Afungue akaunti ya benki ya mirathi, kodi isipite tena kwenye simu yake. Na wewe uandike tarehe ya uteuzi wake juu ya karatasi mpya, kwa sababu miezi 4 ya Fomu V imeanza kuhesabika upya, safari hii kwa mtu mliyemchagua ninyi.